Nimefuta Video Yangu ya Kunguru. Na Wewe Futa Yako

Wiki iliyopita nilifuta video iliyoniletea wafuasi wengi kuliko video zangu zingine zote zikiwekwa pamoja. Mmejaa huku mkiuliza imeenda wapi, kama akaunti imevamiwa, kama nimeokoka nikaacha yoga. Hapana. Niliifuta mwenyewe, na nilichelewa wiki saba.

Kwa wale hawakuiona: ilikuwa sekunde 22. Niko veranda ya kwetu hapa Kangundo, jua la jioni, nyuma yangu kahawa imeshuka mtaro baada ya mtaro mpaka bondeni. Nachuchumaa, naweka viganja chini, magoti yanakaa juu ya mikono, halafu miguu inaondoka chini polepole. Kunguru. Natulia. Kisha narusha miguu nyuma na kutua bila kelele. Juu ya video nimeandika kwa herufi kubwa: KUTOKA SUFURI HADI KUNGURU, SIKU 30. HATA WEWE UNAWEZA.

Huo ulikuwa uongo. Sina jina lingine la kuupa.

Ukweli ni kwamba kunguru ilinichukua miaka miwili na miezi miwili. Nilianza nikiwa nimemaliza Fomu Foo, niko nyumbani, na sikuweza kupiga pushapu hata moja. Nikishuka, siinuki. Zile siku 30 ni siku za kurekodi tu. Na siku ya mwisho nilirekodi mara 41 ndio nikapata ile moja ya kuwaonyesha. Zile 40 nilizoanguka nilizifuta kabla ya chakula cha jioni.

Sasa sikia kilichofuata. Binamu yangu, mtoto wa mama mdogo, yuko Gredi ya 8. Likizo ya Agosti akashika simu ya mamake, akaona video yangu, akaanza chalenji. Hakuniambia, alitaka kunishtua. Siku ya nne, kwenye saruji kando ya tangi la maji, aliruka miguu juu, akapitiliza mbele, akanyoosha mkono ajikinge. Kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika. Huo ndio mkono anaoandika nao. Plasta wiki sita.

Nilipoenda kumuona, kitu cha kwanza aliniuliza ni: "Nikitolewa hii, nitaanza tena siku ya kwanza ama nitaendelea na ya tano?"

Hakuwa anatania. Aliamini kweli kuna siku 30. Mama mdogo hakunigombeza, na heri angenigombeza. Aliuliza tu, "Kwani wewe ulichukua siku ngapi?" Nikaangalia chini.

Na bado sikuifuta video siku hiyo. Nilikuwa naangalia namba zikipanda. Hiyo ndiyo sababu naandika. Mimi si mtu safi anayewahubiria wachafu. Mimi ni mmoja wao, na najua venye hii biashara inafanya kazi.

Uongo wa kwanza: siku 30

Fungua TikTok sasa hivi. Kunguru kwa siku 7. Kusimama kwa mikono kwa wiki 2. Hakuna mtu anasema miaka, kwa sababu miaka haipati laiki.

Lakini mwili wako hausomi maandishi ya juu ya video. Fanya hesabu nami. Ukipiga pushapu ya kawaida, mikono inabeba karibu theluthi mbili ya uzito wako. Miguu inasaidia na iliyobaki. Kama una kilo 60, ni kama kilo 40 hivi kwa viganja. Kwenye kunguru miguu haipo tena. Kilo zote 60 ziko kwa viganja viwili, na vifundo vimepinda karibu digrii 90. Hicho kifundo maisha yake yote kilizoea kushika simu na kijiko.

Tena kuna kitu hawakwambii kabisa. Misuli huongezeka nguvu haraka kuliko kano, zile kamba ngumu zinazounganisha misuli na mifupa. Baada ya wiki chache unajiona uko fiti, mikono imeanza kuwa ngumu, unataka kuruka hatua. Kano bado ziko nyuma, na hazipigi kelele mapema. Zinanyamaza, zinanyamaza, halafu siku moja unashindwa kufungua kifuniko cha chupa.

Na kama wewe ni tineja, soma hapa mara mbili. Karibu na kifundo cha mkono, mfupa wako bado una sehemu laini ambayo ndiyo mfupa unakulia. Watoto wa jimnastiki, wanaobeba mwili kwa mikono kila siku na wako na kocha, huumia papo hapo. Wewe huna kocha. Una mimi, na mimi nilikudanganya.

Mnajua B.K.S. Iyengar? Ni yule mwalimu Mhindi aliyeandika Light on Yoga mwaka 1966, kitabu ambacho karibu kila mwalimu wa yoga amekiona. Alipa kila mkao namba ya ugumu, kutoka mwepesi hadi 60. Nyuma ya kitabu akaweka ratiba ya mazoezi. Ratiba yenyewe si ya siku 30. Ni ya wiki 300. Piga hesabu: hiyo ni karibu miaka sita. Mtu aliyeitoa maisha yake yote kwa hii kitu alisema wiki 300, halafu msee mwenye taa ya duara anakwambia siku 7, na wewe unamuamini mwenye taa.

Uongo wa pili: "sisi tumezaliwa nayo"

Huu ni wetu wa nyumbani, na unauma kwa sababu ni mtamu. Chini ya ile video kulikuwa na maoni mengi ya aina hii: "Mkamba hafundishwi sarakasi, iko kwa damu."

Naelewa inatoka wapi. Ngoma zetu zinajulikana kwa kuruka. Mbeni ilikuwa ngoma ya vijana, wavulana kwa wasichana, na pale ndipo uliona nani anajua kuruka na kupinduka. Mpaka leo watu wakisikia Wakamba wanaingia, wanatoa simu.

Lakini nani alisema walizaliwa wanajua? Vijana wa mbeni walicheza wiki baada ya wiki, wadogo wakitazama wakubwa, wakianguka kwa mchanga, wakichekwa, wakirudi. Hiyo inaitwa mazoezi. Ukiiita damu, unawanyang'anya jasho lao, na unamwambia mtoto wa Gredi ya 8 kwamba hahitaji kujiandaa.

Nenda Ngara, Nairobi, uone Sarakasi Dome, lile jengo lililokuwa sinema ya Shan. Sarakasi Trust imekuwepo tangu 2001, na wanasarakasi waliopitia hapo wamepanda majukwaa ya Ulaya na kwingineko. Black Blues Brothers, wale vijana watano Wakenya wa sarakasi, walipitia hapo. Uliza yeyote kati ya watu kama hao alianza lini. Hautasikia siku 30.

Na kwa wale wa "yoga ni vitu za wazungu": hii story mnaijua? Kuna shirika linaitwa Africa Yoga Project, lilianza Nairobi mwaka 2007, na limefundisha walimu wengi wa yoga kutoka mitaa ya kawaida kabisa. Lilianzaje? Mmarekani anayeitwa Paige Elenson alikuja Kenya na familia yake kutazama wanyama. Akakuta vijana wanasarakasi Wakenya wakisimama kwa mikono. Akaenda kusimama kwa mikono nao. Yaani kabla ya mkeka wa yoga kufika, mikono ya Wakenya ilikuwa tayari imeshika chini. Yoga yenyewe ni ya Wahindi, na mikao ya kujibeba kwa mikono kama ule wa tausi iko kwa maandishi yao ya zamani, miaka mia tano na zaidi iliyopita. Mzungu ameingia hapo katikati, akauza leginzi.

Halafu kuna wanaosema, "Mimi nimelima, nimebeba maji, mikono iko sawa." Heshima kwa jembe, lakini sikiliza. Jembe linafunga mkono: unashika, unavuta. Susu wangu amebeba jerikeni ya lita 20 mgongoni, kamba kwenye paji la uso, kutoka mtoni mpaka juu, miaka mingi kuliko umri wangu mara mbili. Ana mgongo na miguu ambayo mimi sina. Lakini kunguru inafungua mkono: unaisukuma ardhi, kidole kikiwa wazi, kifundo kimepinda nyuma. Ni kazi nyingine. Nguvu ya shamba itakusaidia kushikilia tumbo na kuvumilia. Haitafanya kifundo kizoee.

Na wasichana, kabla mtu hajawaambia mikono ya msichana haiwezi: mlisikia habari za susu?

Uongo wa tatu: "kwanza nunua"

Mkeka wa bei, glavu, jozi ya nguo, kadi ya jimu mjini. Hapana. Unahitaji sakafu, ukuta, tofali mbili, mto wa kulalia na taulo kuukuu. Vyote viko kwenu. Anayekuuzia vifaa kabla ya kukufundisha kujishika anajua atakupoteza ukiumia, kwa hivyo anachukua pesa mapema.

Kazi yenyewe

Nimelalamika vya kutosha. Sasa nawapa kile ningefaa kuwapa tangu mwanzo. Hii ndiyo njia niliyopitia. Usiruke hatua. Kila hatua ni miezi, si siku.

Kwanza ni vifundo. Piga magoti, viganja chini, vidole vimefunguka. Egemea mbele kidogo, rudi nyuma. Mara 20. Halafu geuza mgongo wa kiganja uguse chini, polepole, bila uzito mwingi. Dakika tano kila siku. Inachosha kwa kuboesha, na hakuna atakayekurekodi. Ndiyo sababu watu wanairuka na ndiyo sababu wanaumia.

Pili ni planki, lakini si ile ya kuning'inia kama nguo kwa kamba. Mikono imenyooka, sukuma ardhi mpaka mgongo wa juu ujae na ile mifupa mipana nyuma ya mabega iachane. Inayofanya kazi hapo ni misuli ya ubavuni, chini ya kwapa. Ikilala, uzito wote unaangukia vifundo na mabega. Ikiamka, mwili unakuwa mwepesi ghafla. Sheria yangu: kama huwezi kushikilia hivyo dakika moja ukipumua kwa pua, kunguru bado si yako. Si tusi. Ni foleni tu, na wewe bado hujafika dirishani.

Tatu ni kushuka. Kabla ya kupiga pushapu, jifunze kushuka kwa kuhesabu mpaka tano, viwiko vikiwa karibu na mbavu. Mabega yasishuke chini ya viwiko. Kama huwezi kuinuka, weka magoti chini, inuka, shuka tena. Mimi nilishuka tu miezi mitatu kabla sijainuka mara ya kwanza. Siku nilipoinuka nilipiga nduru mpaka mamangu akatoka jikoni na mwiko.

Nne ndiyo kunguru, na unaianza kwa tofali. Simama juu ya tofali, weka mto mbele pale uso ungeanguka. Viganja chini, magoti juu ya mikono karibu na kwapa. Sasa shika siri, maana hapa ndipo binamu yangu alipotelea: kunguru si kuinua miguu. Ni kuegemea mbele. Ukiegemea vya kutosha, uzito unahamia kwa viganja na miguu inainuka karibu yenyewe. Ukiogopa kuegemea, unaruka. Ukiruka, unapitiliza. Macho yaangalie mbele ya mto, si kwa miguu, kwa sababu kichwa kikishuka mwili unakifuata. Inua kidole gumba cha mguu mmoja. Rudisha. Badilisha. Na breki zako ni vidole vya mikono: ukiona unaenda mbele, bonyeza ncha za vidole chini kwa nguvu.

Tano, na hii ni mbali, ni kusimama kwa mikono, tumbo likiangalia ukuta. Unapanda ukuta na miguu kidogo kidogo na kushuka kabla hujachoka, si baada. Kusimama kwa vigasha na mingine yote ya picha inakuja baada ya hapo. Mimi mwenyewe bado niko ukutani. Ndiyo, mwaka wa tatu, bado ukutani, na sasa mnajua.

Pumzika siku moja katikati ya siku za kazi. Misuli ikiuma kwa upana kesho yake, ni kawaida. Kifundo kikichoma kama sindano, acha siku hiyo hiyo. Na ukianguka na mkono umenyooka, halafu chini ya kidole gumba pakauma ukipabonyeza, usikae nyumbani ukipaka dawa ya misuli. Kuna mfupa mdogo hapo ambao ukivunjika unaweza kukosa kuonekana kwa eksirei ya kwanza. Enda hospitali, na maumivu yakiendelea, rudi waangalie tena.

Kwa wenzangu wenye kamera

Najua mtasema nini. "Lakini video hizo zinatia watu moyo." Nimejiambia hivyo wiki saba nzima, kwa hivyo naijua hiyo sentensi vizuri. Ni kweli mtu hupata moyo siku ya kwanza. Siku ya 31 ikifika na bado hawezi, haseme "huyo dada alidanganya." Anasema "mimi ndio sina nguvu." Anaacha. Kwa kila binamu mmoja aliyevunjika mkono, kuna wengi waliokunja taulo wakajiona takataka, kwa sababu walishindwa kufanya kwa mwezi kitu ambacho wengi hawafanyi kwa mwezi. Huko ndiko kuvunja moyo, manze, na tunakuita motisha.

Wengine watasema, "Kila mtu ajisimamie, yeye ndiye aliruka." Ana miaka 14. Niliandika "hata wewe unaweza." Nilikuwa namwambia nani?

Siwaombi muache kurekodi. Nawaomba vitu vinne, na mimi naanza leo. Ukiweka mkao, andika ulichukua muda gani, kwa miaka na miezi. Onyesha ukianguka, angalau mara moja. Onyesha ukuta, tofali na mto, usivikate kwa picha. Na usiweke siku kwa kichwa cha video. Hakuna siku.

Ukikataa, sawa, akaunti ni yako. Lakini usijiite mwalimu. Jiite muuza picha.

Ninaandika nikiwa kwa ile ile veranda. Ile mitaro mliyokuwa mnaisifu kwa maoni, "view kali," inaitwa fanya juu. Unachimba mfereji kukata mteremko, udongo unautupa upande wa juu, unakuwa ukingo. Basi. Baada ya hapo mvua inashusha udongo, ukingo unaushika, unaongeza ukingo, mvua nyingine inakuja. Baada ya miaka, mteremko uliokuwa unakimbia na shamba la mtu unakuwa ngazi. Wazee wa Ukambani walifanya hiyo kazi kwa mwethya, kikundi kwa kikundi, shamba la huyu kisha la yule. Hakuna aliyesimama juu ya kilima akatangaza mtaro kwa siku 30. Na mmoja wenu aliandika pale chini kwamba hiyo mitaro inafanya video yangu ikae "natural." Imechimbwa yote kwa mkono, buda.

Binamu yangu ametolewa plasta. Mwandiko umerudi, ingawa herufi bado zinalala. Jumamosi alikuja hapa, na mamake akiwa ameketi hapo kwenye kiti cha plastiki akituangalia kama askari. Tulifanya vifundo dakika tano, viganja bila uzito, kama daktari alivyoruhusu. Akaniuliza hii ni siku ya ngapi.

Nikamwambia hatuhesabu siku.

Akasema basi atahesabu sekunde. Hapo sikuwa na la kumjibu, nikamwekea saa.